Picha Nyeusi ya Fundi Friji

Mwalimu wa rangi alikuwa na kanuni moja tu, na aliyeivunja ni yeye mwenyewe.

Kila Alhamisi jioni, katika chumba cha nyuma ya kanisa, watu saba au wanane waliofiwa, walioachwa au waliochoka tu walikaa kwenye meza ndefu. Mwalimu aliomba kwa kifupi, akasoma Neno, kisha kila mtu akachora kilichomkaa moyoni. Kanuni ilikuwa hiyo moja: hakuna kugusa karatasi ya mwenzako, hata kwa kuisahihisha. Mama mmoja alichora mbuzi wa miguu mitano, na hakuna aliyemgusa mbuzi huyo.

Fundi Friji, aliyefiwa na mkewe miezi mitano nyuma, alichora nyeusi. Wiki ya kwanza nyeusi, ya pili nyeusi, ya tatu akamaliza kopo zima la rangi, kona hadi kona. Mwalimu alimwonea huruma mpaka akakosa usingizi.

Mchungaji alipotaka picha zibandikwe ukutani kwa ibada ya Jumapili, mwalimu alibaki peke yake na ile karatasi nyeusi, na mkono ukamwasha. Mtu huyu hana tumaini, alijiambia, na mimi niko hapa kwa kazi gani? Akachovya brashi kwenye rangi ya njano, akamchorea kamshumaa kadogo upande wa chini. Tuseme ukweli, alijisikia vizuri sana.

Jumapili fundi alisimama mbele ya picha, akaitazama, akasema, "Hii si yangu." Aliondoka kabla ya wimbo wa kwanza. Alhamisi kiti chake kilikaa kitupu.

Ijumaa asubuhi mwalimu alimfuata kwenye karakana. Alimkuta amepiga magoti nyuma ya friji, anakaza bomba la gesi.

"Habari za kazi, fundi?"

"Salama, mwalimu. Karibu, kaa hapo kwenye kreti."

"Nimekuja kuomba radhi. Ule mshumaa nilichora mimi."

"Najua. Mimi mishumaa siiwezi."

"Nilitaka kukutia moyo."

"Hilo nalo nalijua." Fundi aliweka spana chini. "Mwalimu, mke wangu alikata roho alfajiri, na umeme ulikuwa umekatika. Hata uso wake sikuuona. Nilimshika mkono tu, nikamlilia Mungu alete mwanga. Hakuleta."

Mwalimu alikuwa na aya tatu tayari kwenye ncha ya ulimi. Akazimeza zote.

"Nilimkasirikia sana," fundi akaendelea. "Lakini mle gizani hatukuwa wawili. Tulikuwa watatu. Usiniulize nilijuaje. Kila Alhamisi nilikuwa narudi mle kuwatafuta hao wawili, na wiki ya tatu nilikaribia kabisa. Halafu wewe ukawasha taa."

Aibu ilimpanda mwalimu hadi masikioni. Wiki zote zile alidhani anampeleka mtu huyu kwa Mungu, kumbe alimtoa pale pale alipokuwa naye. Machozi yakamtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

"Sasa nifanye nini, fundi?"

"Alhamisi njoo na rangi nyeusi ya kutosha, ile ya kwanza niliimaliza." Akajifuta mikono kwenye ovaroli. "Na sasa hivi niombee. Ila usiombe mwanga."

Mwalimu alifumba macho, akafungua kinywa. Mtu ambaye hakuwahi kuishiwa maneno, siku hiyo hakupata hata moja. Akanyoosha mkono, fundi akaushika na grisi yake yote, wakakaa hivyo mpaka fundi mwenyewe aliposema amina.