Msiba wa Kuazima

Tangu Judica ahamie kutoka Rubya, Benigna hakuwa na raha darasani. Kabla ya hapo kidato cha tatu chote kilijua msemaji ni mmoja. Mwalimu Clavery akiuliza swali, vichwa viligeuka vyenyewe kumtazama Benigna, na Benigna naye alikuwa ameshasimama. Mwaka jana ndiye aliyeiwakilisha shule kwenye mdahalo kule Muleba, na jina lake likatangazwa hadi kanisani. Sasa kaja huyu, msichana wa sauti ya chini, hajui hata kutikisa mkono anapoongea, na mwalimu anamsikiliza mpaka anasahau kengele. Benigna alimwonea wivu. Tuseme tu ukweli, alimchukia.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Judica hakuwa na maneno mengi. Angetoa hoja moja, akakwambia ameiona wapi, kisha akakwambia kwa hiyo nini. Basi, anakaa. Benigna yeye alikuwa na methali za kumwaga, lakini siku hizi mwalimu alizisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza kwa upole, "Umejuaje?"

Jioni moja walimenya ndizi pamoja uani kwa shangazi yake Judica, pale Nyanga, maana nyumba zao zinapakana. Judica akasimulia jinsi mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, ulivyoingia kwenye kibanja chao cha ndizi kule Rubya. Kulikuwa na msiba. Majirani wakaja kusaidia kama ilivyo desturi, kila mtu na panga lake, wakakata ndizi za kuwapikia waombolezaji. Kumbe panga mojawapo lilikuwa limetoka kukata mgomba mgonjwa. Kufika masika migomba yao ikawa ya njano, ndizi zikaoza zingali mkunguni. Benigna akaendelea kumenya, lakini kichwani hadithi ile alikuwa ameshaichukua.

Ijumaa mwalimu akawaambia kwamba atakayeijenga hoja yake vizuri siku hiyo ndiye atakayekwenda Muleba. Akaandika mada ubaoni: je, desturi njema inaweza kuleta hasara? Hajaweka chaki chini, Benigna amesimama. Akaeleza msiba, majirani, mapanga, migomba ya njano. "Kwetu," akasema, bila haya wala soni. Hakuthubutu kumtazama Judica.

"Kwa hiyo?" mwalimu akauliza.

Ehe, kwa hiyo! Hapo hakuwa amepafikiria. Akasema kwa hiyo watu waache kusaidiana kwenye misiba. Darasa zima likaangua kicheko, na walikuwa na haki, maana ni Mhaya gani huyo anayetaka kuzikwa bila majirani? Mwalimu akawanyamazisha, akamwuliza msiba wenyewe ulikuwa wa nani. Benigna akatafuta jina asilipate, kwa sababu siku ile uani hakuuliza. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Judica akanyoosha mkono.

"Ulikuwa wa baba yangu," akasema kwa sauti ileile ya chini. "Benigna ameanza vizuri, mimi namalizia tu. Majirani hawakukosea kuja. Siku hizi bibi anawasha moto pale njia inapoingia kibanjani, na kila anayekuja analiunguza panga lake kwanza ili kuua ugonjwa. Alipofariki babu watu walijaa, wakakata, na hakuna mgomba uliougua. Desturi tumebaki nayo. Hasara ndiyo tuliyoiondoa."

Safari hii mwalimu hakuuliza, "Kwa hiyo?" Aliandika jina la Judica ubaoni.

Wakati wa kurudi nyumbani Benigna alitangulia mbio mbio, akiomba kimoyomoyo Judica aje amtukane, amwite mwizi, ili apate sababu nzuri ya kuendelea kumchukia. Judica akamfikia penye mibuni. Hakumtukana. Alimwuliza tu kama angemfundisha kupaza sauti, maana ukumbi wa Muleba anasikia ni mkubwa na yeye anaogopa.

Benigna alijua jinsi ya kumfundisha. Alijua pia kwamba tangu siku ile ya kumenya ndizi hajampa hata pole. Akafungua kinywa akubali, au walau ampe pole, lakini wivu ukamtangulia.

"Kamwulize mwalimu wako," akasema, akapita.