Siku Ketaki Alipokaguliwa

Tangu alfajiri Ketaki alisuguliwa manjano na utandu wa maziwa mpaka shingo ikamwasha. Rangi haikubadilika. Mama yake akarudi nyuma kidogo, akamtazama kama mtu anayetazama ukuta uliopakwa chokaa mbovu, akasema, "Basi. Utakaa upande wa kivuli."

Mdogo wake Juthika, ambaye hakuhitaji manjano, alikuwa anatolewa nyumbani. Mjini Krishnanagar ndivyo wanavyofanya wenye mabinti wawili: mkubwa akija kutazamwa, mdogo aliye mweupe hupelekwa kwa jirani, wageni wasije wakaitamani sahani ambayo hawakuandaliwa. Na mdogo haolewi kabla ya mkubwa. Kwa hiyo Juthika alikuwa anangoja, na kungoja kulikuwa kumemchosha.

"Dada," alisema akivaa kandambili, "safari hii jitahidi. Mimi nazeeka kwa ajili yako."

"Una miaka kumi na minane."

"Na wewe je?"

Ketaki alikuwa na ishirini na sita. Wachumba walikuwa wamekuja wengi. Walikula sarpuria, vile vitamu vya utandu wa maziwa, wakamwambia atembee, afungue nywele, aonyeshe nyayo, wakaenda zao. Kisha wakamtuma mshenga aje kusema binti ni mzuri, ila. Safari hizo zote alikaa mkekani kama mzigo unaosubiri mpagazi. Hii ya leo aliitaka mwenyewe. Kijana, Shibnath, alifundisha chuoni Bahrampur, na mshenga alisema nyumbani kwake vitabu vimejaa mpaka vimepanda kitandani. Ketaki alikuwa akilala na habari hiyo na kuamka nayo. Tena alijua kinachomngoja akikataliwa. Baba alikuwa ameshaamua: mji wa mbali wa Kashi, kwa shangazi yake mjane, nusu kipofu, mwenye mdomo wa pilipili, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumwogesha hadi afe.

Aliyemharibu ni baba huyo huyo, Anadi. Alikuwa karani wa mahakama, mtu wa kuokotaokota maarifa, anayelikunjua gazeti lililofungiwa samaki akalisoma kabla ya kulitupa. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi yote akayamimina kwa Ketaki: wafalme, nyota, sheria, mizani ya mashairi. Alipokuwa mtoto alimsimamisha juu ya kiti mbele ya wageni, naye akajibu, wageni wakacheka kwa furaha. Sasa alikuwa mtu mzima na hakuna aliyecheka. Mtoto anayejua huitwa hodari. Mwanamke wa umri ule huitwa mjuaji.

"Sikiliza," Anadi alimwambia asubuhi ile, akifunga vifungo vya kanzu. "Mjomba wa kijana alikuwa mkaguzi wa shule. Atauliza, hawezi kujizuia. Jibu, lakini usijibu yote. Lazima abakiwe na moja la kukufundisha, aondoke ameridhika. Mimi nitakohoa. Nikikohoa, hujui."

"Lipi, Baba?"

"Nitalichagua mimi. La sheria, pengine. Hakuna anayetaka wakili jikoni."

Wageni wakafika kwa tonga, gari la farasi. Mkaguzi mstaafu, Bwana Bhabatosh, alikuwa na tumbo la mtu aliyekula chakula cha mchana katika kila shule ya wilaya. Nyuma yake alikuja Shibnath, mwembamba, na wino kwenye vidole. Ketaki aliona vidole kwanza, na moyo ukamwenda kwake. Kijana akakaa, akatazama viatu vyake, asiinue kichwa tena.

Ketaki akatembea. Akafungua nywele. Bwana Bhabatosh akazivuta kidogo, kuhakikisha ni zake.

"Nywele ni zake," akamwambia Anadi. "Siku hizi usione haya kuuliza. Haya, binti. Nani alimsaliti Nawabu katika vita vya Palashi?"

"Mir Jafar."

"Akapata nini?"

"Kiti chake, Mjomba. Kisha mkwewe akakichukua."

"Mkwe," alisema mkaguzi, akimpiga Shibnath gotini. "Unasikia? Anadi, ujihadhari na huyu." Wanaume wakacheka. Hata Ketaki alitabasamu chini ya ushungi, akadhani mambo yanakwenda.

"Mstari wa shairi la payari una silabi ngapi?"

"Kumi na nne. Unapumzika baada ya ya nane."

"Amekaririshwa," alisema Bwana Bhabatosh, akatoa sigara. Anadi akaruka na kiberiti. Njiti ya kwanza ikavunjika, ya pili ikazimika. Mkaguzi, sigara mdomoni, hakungoja. "Hii sheria mpya ya urithi, ya Delhi. Inasemaje juu ya binti?"

Ketaki akasubiri kikohozi. Hakikuja. Baba yake alikuwa ameinama juu ya ile njiti ya tatu, ameikinga kwa mikono miwili, kama vile roho yake imo ndani ya ule moto. Ketaki akasubiri tena kidogo. Kunyamaza zaidi kungekuwa ujinga.

"Baba akifa bila wosia, binti hupata sehemu sawa na mtoto wa kiume."

Chumba kikapoa.

"Sawa," alisema mkaguzi polepole. "Yaani dada zake huyu kijana waje wagawane naye nyumba. Wewe ukishaingia kwetu utawaeleza vizuri, naona."

"Umeuliza, Mjomba, nami nime..."

"Nimeuliza, ndiyo. Tuache hayo, tuje kwenye mambo ya heri. Usiku wa harusi, mume humnyooshea mkewe kidole, amwonyeshe nyota ndogo. Nyota gani, na ni mke wa nani?"

Hapo ndipo Anadi akakohoa. Alikuwa amewasha sigara, akasikia neno sheria limekwisha kusemwa, akashtuka, akakohoa kile kikohozi alichochelewa nacho.

Ketaki alilisikia swali na akakisikia kikohozi. Hilo la nyota hata muuza mboga analijua. Arundhati, mke wa Vashishtha, ile inayomng'ang'ania mumewe karibu na mwisho wa mkia wa nyota za Wazee Saba. Bibi harusi huonyeshwa ili awe mwaminifu kama yeye. Asiyeijua ni kama hakulelewa na mwanamke. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akamtazama baba yake. Baba akakohoa tena, kwa hofu tu sasa, ameshapotea.

Maisha yake yote alikuwa amejibu kama baba alivyotaka.

"Sijui," akasema.

Mama, nyuma ya pazia, aliguna kama aliyepigwa teke.

"Hajui," alisema Bwana Bhabatosh. Hakukasirika, alikuwa na raha. "Sheria ya kugawa nyumba anaijua. Nyota ya mke mwema hajui. Anadi, ulikuwa unamlea huyu awe nani?"

Anadi angeweza kusema kwamba ni yeye aliyemzuia. Neno lilikuwa moja tu, na aibu ingemwangukia yeye.

"Nimemfundisha, kaka," alisema. "Kichwa chake hakishiki mambo ya nyumbani. Nimechoka naye."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Juthika akaingia na sinia la sarpuria, ambalo hakuna aliyemwagiza. Alikuwa amepaka wanja. Alikuwa amevaa sari ya Ketaki, ile nyekundu iliyowekwa kwa ajili ya harusi.

"Na huyu?" aliuliza mkaguzi.

"Mdogo," alisema mama kutoka kwenye pazia, upesi mno.

"Unaijua nyota ya mke mwema, mwanangu?"

"Arundhati," alisema Juthika. "Mke wa Vashishtha." Akamwekea sinia mbele, bila kumtazama dada yake.

Shibnath aliinua kichwa. Ketaki aliyaona macho yake kwa mara ya kwanza, nayo hayakuwa upande wake.

"Desturi ni mkubwa kwanza," alisema Bwana Bhabatosh, akichagua kipande. "Siivunji mimi. Lakini mkubwa akisema kwa kinywa chake kwamba hana moyo wa ndoa, hilo ni jingine, hata kuhani hana neno." Akamgeukia Ketaki. "Limebaki swali moja, binti. Unao moyo huo?"

Hakuna aliyekohoa. Juthika alikuwa ameshika ncha ya sari nyekundu, anaikunja na kuikunjua.

"Mjibu Mjomba," alisema Anadi.

"Sina," alisema Ketaki. Na kwa kuwa hakuwahi kufundishwa kuacha jibu nusu, akaongeza, "Nataka kwenda Kashi kumtunza shangazi."

"Jibu zuri," alisema mkaguzi. "Kamili."

Mama akatoka nyuma ya pazia, kashika ushungi kwa meno. "Inuka basi. Mpishe mdogo wako mkeka."

Akainuka. Juthika akakaa palipokuwa bado na joto, akanong'ona, "Dada, nyuma nywele ziko sawa?" Ketaki akamwekea sawa.

Bwana Bhabatosh akafuta vidole, akajiweka vizuri. "Haya, mwanangu. Tuanze na wewe. Palashi..."

"Mjomba," alisema Shibnath. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie, na sauti yake ilikuwa nzuri, ya upole. "Inatosha. Huyu asiulizwe."