Ukuta wa Cascamuri

Akina Busetto wa Venice ni wengi kama dagaa, kwa hiyo jina la ukoo peke yake halimtambulishi mtu. Kila nyumba ina lakabu yake, na kwa wale waliotoka kisiwa cha Pellestrina lakabu hiyo huandikwa hata kwenye hati za serikali. Lakabu ya Ermes Busetto, fundi mwashi wa mtaa wa Castello, ilikuwa Cascamuri, yaani waangusha kuta.

Hakuichuma yeye. Mwaka 1968 baba yake, Attilio, aliwajengea masista ukuta wa bustani. Ukuta ukakaa majuma matatu, kisha ukajilaza juu ya kuku kumi na mmoja. Hakufa mtu, lakini Castello husahau maiti upesi kuliko inavyosahau kichekesho. Na kwa kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka, Ermes alirithi nyundo, timazi na jina. Miaka thelathini na minane alijenga kuta zisizo na ufa hata wa kupitisha unywele, na bado kila asubuhi Bibi Orsola, aliyekaa nyumba ya chini pale ukingoni mwa maji, alimwamkia kwa maneno yale yale.

"Cascamuri! Leo umeua kuku wangapi?"

"Bado ni mapema, Bibi."

Alicheka, maana asiyecheka hutaniwa mara mbili. Moyoni ilimchoma kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza.

Kila baada ya miaka miwili Maonyesho ya sanaa huingia mjini. Wenyeji huyalalamikia Aprili, huyapangishia vyumba Mei, na Novemba hulalamika kwamba yamekwisha. Mwaka huo msanii mmoja kutoka Norwei, Sunniva Aasland, mwanamke mrefu mwenye Kiitalia cha vitabuni, alipewa ukingo mzima mbele ya dirisha la Bibi Orsola. Alitaka ajengewe ukuta wa matofali wa mita kumi na mbili, kimo mita mbili na nusu, usiotenganisha chochote na chochote. Tena alitaka uanguke wenyewe kabla Maonyesho hayajafungwa.

"Udongo na mchanga tu," alimwambia Ermes. "Saruji hapana, chokaa hapana. Mvua ije, maji yapande, uanguke kidogo kidogo. Kule kuanguka ndiyo kazi yenyewe."

"Na mtu akiwa chini yake, mama?"

"Tutazungushia kamba."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu mama alitaka ajengewe ukuta ili apate kuuona ufa. Ermes aliahidi, wakapeana mikono. Alikuwa na furaha ambayo hakumwambia mtu: mwaka uliopita alikuwa amekarabati mnara wa kengele wa parokia, kazi safi kabisa, na aliamini kuwa sifa za mnara ule ndizo zilizomletea mgeni. Siku ya pili, akiwa amekwisha kupanga kozi mbili za matofali, alishindwa kujizuia, akauliza.

"Mnara gani?" Sunniva alisema. "Mimi nilipewa orodha ya mafundi. Nikasoma, Busetto, Busetto, Busetto, halafu Cascamuri! Nikasema ni huyu huyu. Tazama, nimekuandika."

Akamwonyesha kibao kitakachotundikwa. Juu lilikuwa jina la msanii, halafu matofali, udongo na mchanga, na chini kabisa: *Umejengwa na Ermes Busetto, Cascamuri*. Maana ya lakabu ilikuwa imefasiriwa kwa lugha mbili za kigeni, ili dunia nayo isikose kucheka.

"Ni jina zuri mno," alisema Sunniva, na alikuwa hatanii.

"Naam," Ermes akajibu. "Zuri."

Alikwenda kula, akakaa mbele ya sahani ya samaki wa siki bila kuigusa. Mchana ule Sunniva alipanda treni kwenda Milano kuhojiwa na magazeti kwa siku nne. Kabla hajafika, Ermes alikuwa amerudi ukingoni na mashua ya mizigo iliyojaa mifuko ya chokaa, ile chokaa inayoshika hata chini ya maji. Mwashi ana mwiko mmoja mkononi na miiko mingine moyoni. Alizibomoa kozi mbili za jana na kuanza upya, kila tofali kwa pima maji, kila kiungo kwa chokaa, na juu ya kiungo akapaka udongo mwembamba ili macho yaone udongo. Alijua kwamba anamwibia mgeni kazi yake. Alijua, na aliendelea kukoroga.

Maonyesho yalipofunguliwa, mji ulichachamaa. Bibi Orsola, aliyekuwa akiyaona maji kutoka jikoni kwake tangu alipozaliwa, sasa aliona matofali, na hakuna aliyepita ukingoni bila kuelezwa. Padri aliutaja ukuta mimbarini Jumapili mbili mfululizo. Mwanasiasa mmoja alisema unatukana mipaka ya nchi; mwenzake wa chama kile kile akasema unaitetea. Zikakusanywa saini elfu mbili ili uondolewe. Magazeti ya nje yaliandika kwamba ni hofu ya Ulaya nzima iliyowekwa wazi, na kufikia Agosti vijana wa miji mitatu ya mbali walikuwa wamejenga kuta zao za udongo wakaziacha zianguke. Zote zilianguka vizuri sana.

Ule wa Castello ulisimama tu.

Katika baa ya Nerio palikuwa na ubao wa chaki wa kubahatisha siku ya kuanguka. Ambaye angekosea angewanunulia wenzake mvinyo.

"Weka siku yako, Cascamuri," alisema Nerio. "Wewe ndiye mtaalamu. Ni damu hiyo."

"Mimi sibahatishi."

"Baba yake alihitaji majuma matatu tu," Bibi Orsola alidakia kutoka mezani kwake. "Huyu mtoto amekuwa mvivu."

Baa nzima ilipasuka kwa kicheko. Ermes akamaliza kinywaji chake, akaenda kuutazama ukuta. Akapitisha kiganja juu ya viungo. Hakuna kilichokuwa kimesogea.

Siku zilifutwa ubaoni moja baada ya moja, mpaka ubao ukabaki mtupu na watu wote wanadaiwa mvinyo. Novemba maji yalipanda hadi magotini, yakakaa siku mbili, yakashuka. Jumapili ya mwisho umati ulikuja na mabuti ya mpira na kamera, ukangoja tangu asubuhi hadi alasiri, ukaenda zake. Wakabaki wawili. Sunniva alitoa ufunguo mfukoni akakwangua kiungo kimoja. Udongo ukabanduka, chini yake kukawa kweupe.

"Hii ni chokaa."

"Ni chokaa, mama."

"Uliniahidi."

"Niliahidi."

"Basi kwa nini?"

Ermes akamsimulia habari za masista na kuku, zote, kwa mara ya kwanza katika maisha yake bila kuzifanya kichekesho. "Ukuta ungeanguka, wewe ungepigiwa makofi," alimalizia. "Mimi ningeandikiwa kuku wengine kumi na mmoja. Na mwanangu angerithi."

Sunniva hakucheka. "Miaka minne niliiwaza kazi hii," alisema, kisha akageukia majini akalia. Ermes aliona haya, haya ya kweli ya mtu mzima aliyevunja neno lake, akasimama pale kofia mkononi. Lakini kujuta hakujuta, na hilo lilimtia haya zaidi.

Kesho yake magazeti yaliusifu ukuta uliokataa kuanguka, yakasema msanii amewazidi wote akili. Sunniva hakuyasahihisha. Akaondoka, wala hakumuaga fundi.

Ukingo ulitakiwa uwe wazi kabla ya Krismasi, na aliyepewa kazi ya kubomoa alikuwa, kwa mujibu wa mkataba, aliyejenga. Zikakusanywa saini nyingine, nyingi kwa mikono ile ile, ili ukuta ubaki. Bibi Orsola alikwisha kuzoea kuanika mashuka yake hapo. Saini hazikusaidia. Ermes alipanga kumaliza kwa siku moja. Zikapita tano. Chokaa ilikuwa imeshika hata matofali yakapasuka kabla ya viungo kuachia, na kila pigo lilimrudia mpaka begani. Majirani walitoa viti nje wakamtazama. Hakuna aliyetaja kuku. Ulikuwa ukuta bora kuliko zote alizowahi kujenga, na kila alipoinua nyundo alitamani angeujenga vibaya kidogo.

Siku ya sita, ukuta ulipofika usawa wa goti na maji yakaonekana tena kutoka jikoni, Bibi Orsola alichungulia dirishani.

"Ermes!"

Nyundo iliendelea.

"Ermes, we kiziwi! Kahawa inapoa!"

Akashusha nyundo, akageuka kutazama ni nani mwingine pale ukingoni anayeitwa Ermes.