Hamira Iliyoshibishwa

Pale kiwandani walimwita Mama Povu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulinda tangi la hamira lisifurike. Haikuwa hamira ya mkate. Hii ilitengeneza mafuta ya sabuni, bila shamba wala mbegu. Mtaalamu aliyeileta alimwachia siri yake kabla ya kuhama: siku mbili za mwanzo uilishe molasi na mbolea ya urea ili izaane, kuanzia ya tatu uinyime urea, uipe molasi peke yake. Hapo huacha kuzaana, ikajiwekea akiba ya mafuta tumboni. Kwenye hadubini kila chembe huonekana na tone lake linalong'aa.

Mama Povu alikuwa kibarua mwaka wa tatu sasa, na mtoto wa miezi saba nyumbani. Meneja alishamwambia: wanunuzi wa mafuta wakiridhika Ijumaa, ajira ya kudumu ni yake.

Alhamisi, siku ya nne, meneja alichungulia tangini akakunja uso.

"Mbona imelala? Itie urea."

"Haijalala, bosi, inanenepa. Tukiitia urea sasa itazaana tena, na mafuta itayala yenyewe."

"Umesomea wapi wewe?"

"Masomo ya jioni, bosi."

"Basi ya jioni yaache jioni. Wageni wanataka kuona uhai."

Fundi wa pampu akacheka chinichini. "Leo Mama Povu kakataa povu, jamani."

Mama Povu akaiwaza ile ajira. Akamimina.

Ijumaa povu lilipanda hadi kwenye kifuniko, wageni wakapiga picha. Kisha hamira ikakamuliwa. Mafuta yaliyotoka hayakufunika hata kitako cha bilauri.

"Nani ameilisha hii?" aliuliza mama mmoja kati ya wageni.

"Vibarua hawa, mama," meneja akasema, akimnyooshea kidole Mama Povu. "Ukigeuka tu."

Fundi wa pampu alikuwa akitazama viatu vyake.

Saa tisa Mama Povu alirudisha koti na buti. Meneja akamfuata getini, sauti imelainika kama ya mkwe.

"Dada, hebu nikumbushe. Unainyima kuanzia siku ya ngapi vile?"

Daftari alimoandika siri yote lilikuwa mkobani, chini ya nepi safi, tarehe kwa tarehe.

"Waulize wageni, bosi. Wao wana picha."

Akavuka geti. Matiti yalikuwa yamejaa tangu saa sita, yanauma, na nyumbani alikuwepo mtu mmoja wa kuyamaliza.