Alama ya Jembe

Jembe la Bibi Cornelia liligonga kitu kigumu ndani ya tuta, na kitu hicho kikavuta pumzi. Alipofukua majani yaliyooza alimkuta kobe amejikunyata, mgongoni ana alama nyeupe ya jembe, bado mbichi. Bibi alimpa pole kwa Kifipa, kama anavyompa pole mtu.

Kijiji kilikuwa kimekubaliana na watu wa hifadhi kwamba kobe akionekana shambani apelekwe msituni, mbali na majembe na mbali na wanaowauza kwa magendo. Bibi alimbeba kwenye kikapu cha ulezi. Kabla mvua hazijakatika, kobe alikuwa amerudi kwenye tuta lile lile. Akampeleka tena, naye kobe akarudi tena, matope hadi machoni. Jirani yake Adolfu, ambaye hakuwahi kuuacha utani upite bure, aliita kutoka shambani kwake, “Cornelia, mchumba wako amefika. Umemwekea maji ya kuoga?”

Ndipo Lwitiko, askari wa hifadhi aliyetokea Mbeya, alipoleta wavu wa chuma wa kutenga msitu na mashamba. Kila kaya ilitoa mtu. Akina mama walichimba mtaro, wakafukia ukingo wa chini wa wavu, wakaushindilia kwa miguu huku wakiimba. Lwitiko hakunywa maji kabla akina mama hawajanywa, na jambo hilo Bibi aliliweka moyoni. Alishindilia kwa nguvu zake zote. Hakudhani kazi ya watu wenye adabu namna ile ingeweza kumdhuru yeyote.

Kiangazi kilipokomaa, moto uliingia msituni. Watu walikwenda kuupiga kwa matawi mabichi, na upepo ukawa unaurusha juu ya vichwa vyao. Bibi aliachwa kwenye wavu kwa sababu ya magoti yake. Kutoka pale aliona nyasi zikigawanyika chini chini. Kobe walikuwa wanakuja. Mmoja alifika mbele yake, mwenye alama ya jembe, akausukuma wavu kwa kichwa. Bibi aliuvuta kutoka upande wake. Alichokuwa amekishindilia kwa miguu hakikumsikiliza alipokishika kwa mikono. Aliuvuta mpaka moshi ukamziba, Adolfu akaja akambeba, safari hii bila utani.

Asubuhi alirudi. Lwitiko alikuwa ameshafika, uso mweusi kwa masizi, akamwamkia. Kobe walikuwa wamepangana kando ya wavu, wote wameelekea mashambani. Yule mwenye alama alikuwa pale pale alipoachwa. Lwitiko alichuchumaa upande wa msituni, akawa anamdondoshea maji yake ya kunywa, tone baada ya tone.

“Yu hai?” Bibi aliuliza.

“Sijui, Bibi. Hata namna ya kujua sijui.” Alidondosha tone jingine. “Tuliweka wavu ili wapone.”

“Najua, baba. Na mimi nilishindilia.”

Jembe alikuwa nalo begani. Alilitazama, akaliweka chini mbali kidogo, akapiga magoti na kuanza kuchimbua kwa vidole. Lwitiko aligeuka kutazama njia ya kwenda ofisi ya hifadhi. Kisha akaegesha chupa yake karibu na kichwa cha kobe, naye akaanza kuchimbua kutoka upande wa pili.

Udongo ulikuwa mgumu. Walikuwa wameushindilia vizuri.