Feni za Upande wa Pili wa Ukuta

Mimi ni mwoga wa moto, na sioni haya kusema. Mtu anayeishi Sandviken, mtaa wa Bergen huku Norwe, kwenye vichochoro vya nyumba za mbao zilizobanana hadi unamsikia jirani akipiga chafya, halafu akadai haogopi moto, huyo ana lake jambo. Nyumba yangu na ya Bi Ingebjørg zina ukuta mmoja. Mvua ya Bergen inaulowesha kwa nje tu. Kwa ndani ule ukuta ni kuni.

Kwa sababu ya woga huo majirani walinichagua mimi, Åshild, kuwa msimamizi wa mambo ya moto kichochoroni kwetu. Hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Nakagua mpira wa maji kwenye kabati lake, nagombana na watu kuhusu mishumaa yao ya Desemba, nao wananiita Mama Zimamoto. Aliyeanzisha jina hilo ni Kåre wa nyumba ya chini, mtu wa Voss kule milimani, ambaye kila Novemba huweka vichwa vya kondoo uani kwake na kuvibabua manyoya kwa moto wa gesi, ili aviweke chumvi, avifukize moshi na kuvila kabla ya Krismasi. Kichochoro kizima hunuka manyoya yaliyoungua na watu hutabasamu, kwa kuwa kwao hiyo ni harufu ya chakula. Mimi husimama pembeni na ndoo za maji, nikimwombea mabaya na mema kwa pamoja. Mwaka juzi tulikaripiana mpaka mkewe akatoka na kutuambia tuone aibu. Nikaahidi kwamba sitamharibia tena siku yake.

Basi mwaka uliofuata, majani yalipoanza kupukutika, nikaanza kusikia kitu ukutani. Mngurumo mwembamba, kama wa mtu anayepumua kwa tabu puani. Ulianza asubuhi na haukukoma mchana kutwa. Wakati mwingine ulipanda, ukapanda, kisha ukafifia ghafla kana kwamba mtu kauziba mdomo. Hapo ndipo roho yangu iliponiruka. Kitu kinachonguruma kinaeleweka. Kitu kinachozibwa mdomo kinanitia hofu.

Kwetu huendi kugonga mlango wa mtu hivi hivi bila sababu. Nikachukua chupa ya jamu.

Bi Ingebjørg, mwanamke wa miaka themanini na kitu, alifungua mlango akiwa ameweka kidole mdomoni.

“Karibu mwanangu, lakini nong'ona. Amesinzia.”

“Nani tena?”

“Nani mwingine? Torgeir.”

Torgeir ni mumewe, na nilijua fika kwamba tangu kiangazi alikuwa nyumba ya wazee ng'ambo ya mji, baada ya akili yake kuanza kumpotea. Nikadhani naye bibi sasa akili zimemruka. Lakini alinivuta sebuleni, na kweli Torgeir alikuwapo, ndani ya kioo cha kompyuta mpakato, kichwa kimeinamia bega, mdomo wazi. Kompyuta yenyewe ilikuwa imelazwa mezani juu ya ngozi nene ya kondoo, na kingo za ngozi zimekunjwa na kupachikwa pembeni, kama anavyofunikwa mtoto mchanga.

“Asiponiona anaondoka kunitafuta,” alisema. “Wameshamkuta nje na soksi tupu, kwenye mvua, anauliza njia ya kuja nyumbani. Sasa ananiona kutwa nzima. Nampigia simu ya video asubuhi akiamka, sikati mpaka wamlaze usiku.”

“Na ngozi je?”

“Hiki kidude kinaguna. Kelele zake zinafika kule kwake, na yeye halali siku hizi, anasinzia kidogo na kushtuka. Nikikiwekea ngozi kinatulia. Sisi sote tulilazwa juu ya ngozi kama hii tulipokuwa wadogo, nani kati yetu alilia?”

Nikapenyeza mkono chini ya kompyuta, nikautoa mbio. Kulikuwa na joto la kikaango.

“Bi Ingebjørg, hii inapumulia chini. Umeiziba pua. Itawaka!”

“Lo, Mama Zimamoto! Hata birika likitoa mvuke wewe unataka kuita gari.”

“Sifanyi mzaha, mama.”

“Wala mimi. Nikiitoa ngozi, ataamka. Akiamka, atatoka. Akitoka na baridi hii, utanizikia wewe?”

Nikatazama juu, king'ora cha moshi kilikuwa mahali pake darini. Tarehe mosi Desemba watu wote hukagua ving'ora vyao, nami hupita mlango kwa mlango siku hiyo, kwa hiyo nikajiambia nitakikagua wakati huo. Ndivyo nilivyojiambia, mimi ninayejidai hodari wa mambo haya.

Siku ya pili nikampelekea stendi yangu ya kupozea kompyuta, sahani ya chuma yenye vitundu na miguu mifupi, feni mbili chini yake.

“Ina feni?” aliuliza, akiigeuzageuza.

“Mbili.”

“Nimehangaika kunyamazisha moja, wewe unaniletea mbili!”

Hakutaka hata niiwashe. Lakini ni mtu wa adabu, akaniambia niiache, huenda ikamfaa. Ikamfaa kweli. Wiki iliyofuata nilichungulia dirishani kwake nikipita na mfuko wa takataka, nikaona vafla alizotoka kuoka, zile chapati zetu za mayai na maziwa, zimepangwa juu ya stendi yangu, zinapoa taratibu. Na kule mezani kompyuta ilikuwa bado kwenye kitanda chake cha ngozi. Sikujua nicheke au nivunje kioo. Niliporudi nyumbani nilivuta kitanda changu kutoka ukutani, na kuanzia siku hiyo nililala na viatu karibu.

Kisha ikaja ile asubuhi ya Novemba. Nilikuwa na kahawa yangu, mkate na jibini ya kahawia, mvua inateremka kama kawaida, mara ikanijia harufu ya manyoya yanayoungua.

Nataka kusema wazi nilivyojisikia: sikuogopa hata kidogo. Nilikasirika. Nikasema, Kåre huyo, ameanza bila hata kunipa taarifa, kwa makusudi, ili nisije na ndoo zangu. Nikainuka, nikaikumbuka ahadi yangu, nikakaa. Nikajisifu kwa kukaa. Nikamimina kahawa nyingine na kuinywa polepole, pua yangu ambayo hunusa mshumaa kutoka nyumba ya tatu ikivuta harufu ile na kuniambia kwamba Krismasi imekaribia.

Nilipomaliza, nikatoka kwenda dukani. Na hapo kwenye ngazi za mawe, anapanda Kåre, koti limelowa, mifuko mikononi, ametoka kushuka basi.

“Wewe!” nikamfokea. “Umeacha moto wa gesi unawaka na kuondoka?”

“Moto gani?”

“Vichwa, Kåre! Kichochoro kizima kinanuka!”

Aliinua pua. “Ebo. Nami nimeisikia tangu kule chini, nikasema nani huyo kaniiga. Mwaka huu sibabui, Åshild. Umenichosha na ndoo zako. Nimeagiza vilivyo tayari.”

Nakumbuka mifuko yake ikidondoka na viazi vikibiringika kwenye ngazi, nami nikikimbia kurudi nilikotoka. Ukuta. Ule ukuta wangu. Na nyuma yake, yule bibi na ngozi yake ya kondoo.

Mlango wake haukuwa umefungwa komeo. Sebuleni moshi wa kahawia ulitanda darini, na king'ora kimekaa katikati yake kimya kabisa. Bi Ingebjørg alikuwa kitini, mbele ya kompyuta, anakohoa kwenye leso. Dirisha amelifungua kidogo.

“Ni Kåre,” alikuwa akikiambia kile kioo, kwa sauti ya kubembeleza. “Ni Kåre tu, mpenzi, anababua vichwa.”

Na Torgeir kiooni alikuwa amesimama wima, anapunga mikono. “Zima mtambo!” anapiga kelele. “Nasema zima! Kuna kitu kinaungua!”

“Amerudi melini tena,” bibi akaniambia kwa huzuni. “Miaka yote ile ya ufundi mitambo. Ameanza tangu saa nzima iliyopita.”

Ngozi ilikuwa imegeuka nyeusi pembeni, na kompyuta imeinuka mgongo, imevimba kwa chini. Nikang'oa plagi. Bibi akanirukia mkono, na sikujua kama ana nguvu zile.

“Usimzime! Åshild, nakuomba, usimzime!”

Nilimsukuma. Namheshimu kama mama yangu, na nilimsukuma mpaka akaangukia kiti. Nikaikumba ngozi pamoja na kila kilichomo, uso wa Torgeir unanitazama kutoka mikononi mwangu, nikakimbia nao, Kåre, aliyekuwa amenifuata, akanipisha mlangoni, nikautupa mzigo wote juu ya mawe. Ulianguka, ukafoka, kisha ukatoa mwali mweupe mrefu kuliko mtoto. Kåre alikuwa tayari na mpira wa maji. Alinyunyiza kwa muda mrefu hata baada ya moshi kwisha, na hakuniita Mama Zimamoto.

“Manyoya hayashiki moto upesi,” alisema mwishowe. “Ingekuwa pamba...”

Ndani, mezani palibaki doa jeusi lililochimbika hata ungeweza kulitia kidole. Nikapanda kiti kukifungua king'ora. Hakikuwa na betri.

“Kilikuwa kinalia kila nikioka vafla,” alisema Bi Ingebjørg. “Kinamtisha.”

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, makali, niliyoyatunza kwa miaka. Lakini alikuwa amesimama mlangoni na viatu vya ndani, anaangalia yale mabaki mvuani, na hakuwa anaulilia moto.

“Yuko peke yake,” alisema. “Ameniona kwenye moshi, halafu giza. Yuko peke yake na anadhani nimekufa.”

Simu ikaita mfukoni mwake. Muuguzi wa nyumba ya wazee. Torgeir amevaa koti, amefika mlango wa nje, wanamshika na anawapiga. Hapo hofu yangu yote iliyokuwa ikishuka ikapanda upya, ila safari hii haikuwa yangu, ilikuwa ya kwake, na niliiona ilivyo nzito.

Nikakimbia kwangu kuleta kompyuta yangu. “Stendi iko wapi?” nikauliza. Akaikung'uta makombo ya vafla, tukaiweka kwenye meza ya jikoni. Sikuwa tayari tena kuweka kitu juu ya chochote bila feni, hata kwa dakika moja. Nikaichomeka. Zikanguruma zote mbili, nzito, za chini.

“Punguza!” alilia. “Atashtuka! Zima hizo, nakusihi!”

“Siwezi, mama. Leo siwezi.”

Tukapiga simu, kioo kikafunguka. Torgeir alikuwa na koti juu ya nguo za kulalia, muuguzi kamshika mkono, nywele zimemsimama. Alikuwa anavuta kuelekea mlangoni. Halafu akaacha kuvuta. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza kitu ghorofa ya chini. Akasogea karibu mpaka sikio lake likajaa kioo kizima.

“Umewashwa,” alisema.

“Nini, mpenzi?” Bi Ingebjørg akauliza.

“Mtambo. Sasa unakwenda vizuri. Nani yuko zamu?”

Nikajibu mimi. “Åshild, bwana mkubwa. Jirani.”

“Uangalie joto lake,” Torgeir akaniambia. “Usiondoke hapo.”

Akavua koti mwenyewe, akakaa kwenye kiti chake, akafumba macho. Alilala usingizi mzito, wa kukoroma, akiwa melini kwake, na muuguzi alituambia kwa kunong'ona kwamba hajamwona akilala hivyo tangu aje.

Bi Ingebjørg alikuwa amejiziba uso kwa mikono miwili. “Nimeufunika ule mngurumo,” alisema. “Vuli yote, Åshild. Kitu pekee alichokitaka, nimekifunika kwa ngozi.” Akalia, nami nikalia naye, kwa ajili yake na kwa ajili ya ile kahawa ya pili.

Alinunua kompyuta nyingine. Stendi alikataa katakata nimpe bure. “Naiazima,” alisema. “Siku Torgeir atakapokuwa haihitaji, nitakurudishia.”

Majira yote ya baridi nilizisikia feni zile ukutani kuanzia asubuhi. Nilirudisha kitanda changu mahali pake. King'ora chake nilikitia betri mpya na kukijaribu mara kwa mara hadi akachoka nami, na bado nilikuwa mwoga, lakini woga ulikuwa umehama. Nikipika nilizisikiliza. Zikipungua kidogo niliacha kijiko hewani mpaka zipande tena.

Mwezi wa tatu, mchana mmoja nikiwa namenya viazi, zikanyamaza.

Nikajiambia umeme umekatika, na taa ya jikoni ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu. Nikaendelea kumenya kile kiazi mpaka kikabaki kidogo kama jiwe la changarawe. Kisha mlango wangu ukagongwa, na kwetu mtu hagongi bila sababu, nami sikutaka kabisa kuufungua.

Bi Ingebjørg alisimama mvuani amevaa koti lake jeusi la kutokea. Mikononi alikuwa na stendi, imefutwa vumbi hadi kwenye vitundu, waya wake umeviringwa na kufungwa kwa uzi wa sufu. Juu yake ameweka vafla mbili ndani ya kitambaa, kwa kuwa hakuna anayerudisha cha watu mikono mitupu.

“Nimekuletea chako, mwanangu,” alisema.

Nikakipokea. Vyuma vyake vilikuwa bado vya moto.