Orrin Tuttle Hakufika Chini

Jumanne saa nne asubuhi, mtaa wa Broadway mjini Los Angeles, Orrin Tuttle aliteleza kutoka ukingo wa ghorofa ya saba. Alikuwa amevaa suti ya Monty Quill, nyota wa vichekesho vya sinema bubu. Ndivyo kazi yao ilivyokuwa: Monty hutabasamu, Orrin huanguka. Asubuhi hiyo mwongozaji, Bwana Strake, alikuwa ameamuru magodoro yaondolewe kwa kuwa yanaonekana kwenye picha. Orrin hakuambiwa. Alipofika usawa wa ghorofa ya tano akaona chini ni mawe matupu, akasimama palepale hewani.

Strake alifungasha kamera. Alichokitaka alikuwa amekipata.

Saa sita akaja Hazel, mkewe. Makarani wa ghorofa ya tano walimfungulia dirisha, wakamsogezea kiti.

"Shuka basi, mume wangu."

"Nishukie wapi?"

Hazel akamwendea Strake kuomba magodoro. Yalikuwa yamepelekwa Pasadena. Basi, akaomba, jina la mumewe liandikwe kwenye filamu.

"Mama, watu wakijua si Monty, nani atacheka?"

Filamu ilipotoka, Hazel alikwenda onyesho la mchana, kisha akarudi dirishani.

"Walicheka?" Orrin aliuliza.

"Bibi mmoja alipaliwa na karanga."

"Wapi hasa?"

"Pale unapoteleza, unamwinulia kofia mama mmoja aliye dirishani."

"Hiyo niliibuni mwenyewe, nikiwa tayari hewani," alisema Orrin. "Wakasemaje?"

"Wakasema Monty hana mfano."

Orrin akageuza uso. Hazel akamfikishia kahawa kwa ufito wa pazia.

Orrin alipofikisha mwezi wa tatu hewani, Strake alirudi na Lyle Moss, baba wa watoto wanne, aliyevalishwa suti ya Monty. Kamera ikasogezwa kidogo ili Orrin asionekane.

"Kaka," Lyle aliita kutoka ukingoni, "magodoro yapo?"

"Hayapo."

Lyle akamtazama Strake. Strake alikuwa akitazama jua.

"Nikikataa, wako kumi nyuma yangu."

"Basi usiangalie chini," Orrin akamwambia. "Angalia kofia yako, kama vile ndiyo unayoihofia. Hapo ndipo watu huchekea."

Lyle akashukuru, akaikazia macho kofia, akaachia. Alisimama usawa wa ghorofa ya nne. Barabarani watu wakaangua kicheko, wakaulizana Monty Quill atatokea mlango gani, wampe mkono.